Mibuni ya Uongo Imehamia Kwetu

Mtani, shikamoo.

Najua hutaitika, kwa hiyo naitika mwenyewe kwa niaba yako, kwa ile sauti yako ya puani: marahaba, mateka. Haya, tumeshasalimiana. Sasa naweza kukupa habari, na habari zenyewe ni nzuri, ndiyo maana nimekaa hapa nje na kalamu badala ya kufanya hesabu za kesho.

Mibuni yako imehamia kwetu. Yote mitatu. Hivi ninavyoandika ipo upande wetu wa uzio, nyuma ya banda la gari, pale maji ya paa yanapomwagikia, na ina machipukizi. Najua unataka kuuliza nani kairuhusu ihame. Subiri kwanza. Uliondoka mwezi wa nane bila kuaga wala kuacha maelekezo, na tangu hapo yametokea mambo ambayo wewe ungeyafurahia kuliko mtu yeyote. Acha nianzie kwenye mazishi.

Ulikuwa umemwambia mkeo, Mama Komba, usisafirishwe, kwamba wewe si kahawa, huwezi kufungwa kwenye gunia ukavushwa bahari. Basi tumekuzika hapa hapa Saint Paul. Kanisa lilijaa. Watu walitoka Woodbury, walitoka Maple Grove, wengine walipanda treni kutoka Cedar-Riverside, na wale Wakenya uliofanya nao kazi hospitalini walikaa safu nzima na sare zao, kwa sababu walikuwa wanaingia zamu baadaye. Wote walikuwa wananyamaza vizuri kama inavyotakiwa. Halafu akaingia Baba.

Baba yangu unamjua. Mtu mpole, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Aliingia amevaa koti lako la baridi, lile refu la kijani, na kofia yako ya kufunika masikio, mwezi wa nane, jasho linamtiririka. Akatembea mwendo wako, mikono nyuma, kidevu mbele, kama mkaguzi wa shule. Akasimama mbele ya jeneza akalitazama kwa muda.

"Komba," akasema, "maisha yako yote unachelewa kila mahali. Leo ndiyo umejua kuwahi?"

Watu walicheka huku wanalia. Mama Komba alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mkenya mmoja akamuuliza Mama kwa sauti ya chini huyu ni nani na mbona hafukuzwi, Mama akamjibu kwamba huyu ni mtani wa marehemu, yeye Mhehe, marehemu Mngoni, na asipofanya hivi ndiyo itakuwa kosa. Yule Mkenya akatikisa kichwa, lakini baadaye nilimwona anafuta machozi na kucheka peke yake.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni na trei ya maandazi. Nilitamani kutoka. Nilikuwa hata na la kusema. Lakini, kama kawaida, nikabaki pale pale nikiyapanga upya maandazi yaliyokuwa yameshapangwa.

Wewe ulikuwa umezoea. Tangu tulipohamia jirani yako, meno yangu ya mbele yakiwa yameng'oka, ulinieleza kwamba babu zako na babu zangu walipigana vita kubwa, kwamba sisi Wahehe tulikimbia (Baba anasema ninyi ndio mlikimbia), na kwamba kilichobaki sasa ni kutaniana tu. Ukasema kwa hiyo mimi ni mateka wako na nisikuite babu, nikuite mtani. Mama alishtuka. Mtoto mdogo amwite mzee mtani! Ukamwambia utani hauna umri. Kuanzia siku hiyo kila nikipita ulinichokoza juu ya uzio, halafu ukasubiri. "Jibu, mateka." Mimi natazama viatu. Jibu lenyewe lilikuwa linanijia siku tatu nne baadaye, nikiwa kwenye basi la shule, jibu zuri kabisa, nacheka peke yangu dirishani. Na uzuri wako ni kwamba ulikubali hata majibu yaliyochelewa. Ulikuwa unasema, "Leta tu, utani hauozi." Nilikuwa nalisema jibu kwa kunong'ona, nusu Kiingereza, kisha nakimbia.

Nadhani ndiyo sababu nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ningeandika haraka zaidi, lakini isingekuwa wewe. Na nakiri jambo moja: shuleni wananijua kama msichana asiyeongea, na darasa la Kiswahili la Jumamosi kule kanisani wananijua kama msichana asiyeongea pia. Lugha mbili, kimya kimoja. Ni kwenye uzio wako tu ndipo nilipokuwa na uwezekano wa kusema kitu.

Sasa mibuni.

Nakumbuka unavyosimulia. Ulikwenda kutafuta mti wa kivuli, yule mama anayeuza miche akakuonyesha picha ya kichaka chenye vishada vyekundu, ukasahau kivuli. Ukasema hii ni kahawa ya kwetu Mbinga iliyopotea njia. Yule mama akakuambia jina lake ni red elderberry, ni kichaka cha porini cha huku huku Minnesota, ndege wanakipenda sana. Wewe ulisikia nusu. Ukanunua miche mitatu, ukaipanda kwenye kivuli nyuma ya nyumba, na mwaka ilipozaa kwa mara ya kwanza ukafanya jambo ambalo mtu wa Mbinga pekee angeweza kulifanya. Ulichuma mkono mzima ukatia mdomoni, kunyonya utamu wa ganda, kama mlivyokuwa mnanyonya buni mbivu utotoni mkitumwa kuvuna. Ulishinda siku nzima umejikunja kwenye kochi. Mama Komba akampigia simu yule mwuzaji, akaambiwa matunda mabichi ya kichaka hicho si ya binadamu, na majani, matawi na mizizi ndiyo usiseme. Ndege wanakula bila shida. Binadamu aangalie tu.

Mtu mwingine angeing'oa. Wewe ukaipa jina: mibuni ya uongo. Na ulipopona ulikuwa na furaha ya ajabu. Uliniambia utoto wako wote ulichuma kahawa, mikono ikanata, mgongo ukauma, ukiitwa mvivu, na sasa, uzeeni, umepata zao ambalo kazi yako ni kutolichuma. Wavunaji wanakuja wenyewe, hawadai chakula cha mchana.

Mimi nilivyoijua mibuni hiyo ni aibu nyingine, na wewe hukuacha kuisimulia hata kwenye harusi za watu. Nilikuwa darasa la tatu. Ulinipigia kelele juu ya uzio kwamba mbuni wako umeamka, nije niuone, lakini nisiuguse. Mimi nilikuwa nimejifunza mbuni Jumamosi iliyotangulia, kwenye kadi za wanyama. Ndege mkubwa, shingo ndefu, hawezi kuruka. Niliogopa kuja. Kesho yake mwalimu alipotaka kila mtoto aseme kitu kuhusu mtaa wake, mimi, ambaye sijawahi kunyoosha mkono, nikanyoosha. Nikasema jirani yetu anafuga mbuni. Darasa zima likanigeukia. Kwa wiki nzima nilikuwa mtu maarufu. Jumapili mama wa rafiki yangu mmoja akaja na wanawe na kamera.

Ungeweza kuniumbua. Badala yake ulivaa koti, ukawazungusha nyuma ya nyumba kwa heshima zote, ukawaambia mbuni wangu ana haya, akisikia wageni anajificha, lakini karibuni muone mahali anapolala. Ukawaonyesha vile vichaka vilivyoanza kutoa maua meupe wakati miti mingine yote ya mtaa ilikuwa bado mikavu, na nyuki waliojaa juu yake, na wale watoto wakasahau habari ya ndege mkubwa. Walipoondoka ukaniita.

"Mateka, sikiliza herufi," ukasema. "Nilisema umeamka, sikusema ameamka. Mti ni u, mnyama ni a. Ukichanganya, utaupa mti mahindi na utammwagilia ndege maji."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha ngeli nikaelewa hivyo.

Basi. Baada ya hapo ndipo nilianza kuja kweli. Nilijua mwaka wako wote. Mwezi wa tatu theluji ikiwa bado chafu pembeni, unakata matawi yaliyokufa lakini hukati mpaka chini, unaacha visiki vya kufika gotini, kwa sababu ndani ya tawi kuna kiini cha kahawia, laini kama sponji, na nyuki wadogo weusi wanakitoboa na kukifanya chumba. Mwezi wa tano maua. Mwisho wa mwezi wa sita vishada vinaanza kuwa vyekundu, wakati vichaka vya wengine havina hata dalili ya tunda, na hapo ndipo wavunaji wanakuja: wale wenye kifua chekundu, yule anayelia kama paka, na wale wenye kilemba na kitambaa cheusi machoni uliowaita Majambazi, kwa sababu wanakuja kumi kwa pamoja na wanaondoka bila kubakisha kitu. Majani yakianguka hukuyafagia. Mama Komba alikuwa anasema hii si bustani, hili ni shamba la mtu aliyesafiri. Lakini kila jioni ya kiangazi alikuwa anaosha vyombo polepole kuliko inavyohitajika, macho yapo dirishani.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Tulipoanua tanga, mwezi wa kumi, baada ya misa watu wakaja kwenu kula. Pilau, ndizi, kuku, soda. Anko Deo akasimama kuwashukuru wote. Aliongea vizuri, Mtani, ungejivunia mwanao. Akasema hawezi kumwacha mama yake akae peke yake kwenye nyumba hii, kwa hiyo yeye na mkewe na mjukuu wako Neema wanahama kutoka Maple Grove kuja kuishi naye. Vigelegele. Mama Komba akamshika mkono. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba keshokutwa analeta mashine kusafisha nyuma ya nyumba, apande majani mafupi na aweke bembea ya Neema. Ile miti ni sumu, akasema, na Neema anatia kila kitu mdomoni.

Na ni kweli. Siwezi kumlaumu. Neema siku hiyo hiyo alikuwa ameshatafuna chaki na pembe ya kitabu cha nyimbo. Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, mtoto kwanza. Nikamtazama Mama Komba. Aligeuka tu akatazama dirisha la jikoni, ambako kwa wakati ule hakukuwa na cha kutazama, majani yameanguka, fimbo tupu. Akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado hawajazimaliza.

Nilikuwa nimesimama kati ya sebule na jikoni na trei ya soda. Nilijua kama sisemi sasa, jibu langu litakuja siku nne baadaye kwenye basi, na mashine itakuwa imeshapita.

Kitu kimoja nilikijua. Baba aliniambia kwenye gari siku ya mazishi yako, nilipomuuliza kwa nini aliruhusiwa kuondoka na lile koti. Alisema mtani akidai kitu cha marehemu hanyimwi, hata kama wenye mali wanakipenda. Ila lazima adai kwa utani. Akija analia na kubembeleza, huyo si mtani tena, ni mwombaji, na mwombaji anaweza kuambiwa aje kesho.

Nikaweka trei chini.

"Mimi ni Mhehe," nikasema. "Nimekuja kuchukua mateka wangu."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Lakini ilitoka, na kwa bahati mbaya ilitoka wakati kila mtu alikuwa ananyamaza. Anko Deo akaniuliza mateka gani, nadhani alifikiri nimechanganya neno.

"Wale watatu kule nyuma," nikasema. "Wangoni, mmepigwa. Jemadari wenu amelala, na aliyebaki anataka kuua mateka kwa mashine. Sisi Wahehe hatuui mateka. Tunawahamisha."

Nikaona Baba ameshika kijiko hewani. Halafu Mzee Haule, yule Mngoni mwenzako wa Woodbury, akaanza kucheka kutoka tumboni, akampiga Baba begani.

"Huyu Mhehe mlikuwa mmemficha wapi siku zote?"

"Alikuwa anachaji," Baba akasema.

Nyumba ikalipuka. Mama Komba akaweka zile sahani chini, akapiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akakaa kwenye kiti akajifunika uso kwa kanga, mabega yanacheka. Au yanalia, sijui. Kwenu siku hiyo ilikuwa vigumu kutofautisha.

Anko Deo alijaribu. Aliuliza nitaipanda wapi, nikasema kwetu, Baba atatoa nafasi (Baba alikuwa hajui, akatikisa kichwa kukubali). Akauliza na Neema akiifuata je. Hilo halikuwa swali la utani, na sikulijibu kwa utani. Nikamwambia kuna uzio katikati, na kwamba kila mwaka nitakata vishada vyote vya chini vikiwa bado vya kijani, nibakize vya juu kwa ndege, na nitamfundisha Neema mwenyewe kwamba hivi ni vya kuangalia. Hapo Kiswahili kiliniishia, nikamalizia kwa Kiingereza, na hakuna aliyenicheka. Anko Deo akanitazama kama mtu anayehesabu. Mzee Haule ndiye aliyekata shauri. Akasema mtani akidai hanyimwi, lakini Mngoni hatoi jembe: Mhehe akitaka mateka, achimbe mwenyewe.

Basi nilichimba mwenyewe. Kwa saa nzima. Unajua mizizi ile ilivyo, imetambaa kila upande kama inatafuta Mbinga. Nilikuwa nimeshatokwa na malengelenge, nimeshakata tamaa kwenye kichaka cha kwanza tu, nikasikia mtu anavuta koleo nyuma yangu. Ni Anko Deo, amevaa viatu vizuri vya kazini. Akaanza kuchimba upande wa pili. Tulifanya kazi hivyo bila maneno, na mimi, unanijua, kazi isiyo na maneno ndiyo ninayoiweza. Tukakata matawi mpaka magotini ili mizizi isielemewe. Harufu ya matawi tuliyokata ilitupiga, Anko Deo akakunja pua, akasema, "Dad alikuwa anaketi hapa jioni nzima na hii harufu?" Nikamwambia alikuwa anasema inamfukuza mkwe asiyependwa. Akacheka. Akaniambia hukuwahi kumsimulia yeye habari za mibuni hii, alidhani ni magugu tu. Nikamsimulia. Yote, mpaka siku ya kochi. Tukaiburuta juu ya turubai, kichaka kimoja kimoja, mpaka kwetu.

Mahali pa kupanda palinisumbua zaidi ya kuchimba. Baba alitaka mbele, watu waone. Mimi nilijua inataka unyevu na kivuli cha mchana. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili sikumwambia mtu. Nilikwenda kwa Mama Komba nikamwomba aoshe vyombo. Akashangaa, akasema vyombo ni visafi. Nikamwambia asimame tu kwenye sinki kama anaosha. Kisha nikamtuma Baba nyuma ya nyumba yetu na ufagio, ausimamishe juu kama kichaka, nikawa nampigia simu: kushoto, kushoto tena, nyuma kidogo. Baba alilalamika kwamba majirani wanamwona anacheza ngoma na ufagio. Mama Komba akaelewa. Akaacha kuuliza. Akaegemea sinki, akatazama, akaninyang'anya simu.

"Hapo," akamwambia Baba. "Hapo hapo, usisogee."

Kwa hiyo ndipo ilipo. Ni mbali kwa hatua chache kuliko zamani, lakini kwenye dirisha lile lile.

Matawi yaliyokatwa yenye matundu ya nyuki sikuyatupa. Niliyafunga kwenye nguzo za uzio, yakisimama wima, jinsi yalivyokuwa. Vichaka nikavizungushia wavu wa waya kwa sababu ya sungura. Kisha theluji ikaja ikafunika kila kitu, na kuanzia hapo sikuwa na la kufanya ila kutazama vile vivimbe vitatu vyeupe kutoka chumbani kwangu na kuogopa. Nilidai kwa mbwembwe mbele ya watu wote. Kama ingekufa, ningekuwa Mhehe aliyeteka mateka akawaua kwa baridi. Na Mama Komba angekuwa anaosha vyombo mbele ya fimbo tatu kavu. Hilo la pili ndilo lililonisumbua hasa.

Mwezi wa nne, mchana mmoja nikitoka shule, nikaona. Wa kwanza ulikuwa na machipukizi ya zambarau, manene kama punje za mahindi. Wa pili pia, siku mbili baadaye. Wa tatu, hakuna. Nilikwangua gome lake kwa ukucha nikakuta kahawia tupu. Nikamwagilia hivyo hivyo. Nikaongea nao, nakiri, kwa Kiswahili, maana hakuna aliyekuwa karibu. Juma lililopita nimeinama kuondoa majani yaliyooza nikaona, si kwenye kisiki, bali kwenye udongo kabisa pembeni yake, kichwa kidogo chekundu-kijani kimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mbuni wa tatu umetoka upya chini. Uliacha mwili wa zamani ukaanza mwingine. Nilipiga magoti kwenye matope na suruali ya shule, Mama amenigombeza, sijali.

Leo asubuhi nilimwona nyuki pia. Mmoja, mdogo kama punje ya mchele, mweusi anayeng'aa buluu, ametoka kwenye tundu la tawi nililofunga kwenye nguzo. Alikaa ukingoni pale kwa muda mrefu sana, kama mimi kwenye mlango wa darasa. Kisha akaenda.

Habari moja si nzuri, na sikutaka kukuficha. Mwaka huu hakuna maua. Maua yanatoka kwenye matawi ya mwaka jana, na hayo tuliyakata. Hakuna maua, hakuna matunda, na mwezi wa saba Majambazi watakuja watakuta patupu. Nilizunguka na habari hii siku kadhaa nikiogopa kumwambia Mama Komba. Jana nikaenda. Neema alikuwa chini ya meza anakula ndizi, Anko Deo anapima mahali pa bembea. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, bila kutazama viatu: mwaka huu hapana, mwakani kidogo, mwaka unaofuata ndiyo vizuri. Akanisikiliza huku anakausha sufuria.

"Mwaka mmoja ndege watakula kwa wengine," akasema. "Mimi huyo Mngoni wako nilimsubiri amalize masomo ya Amerika, barua moja kwa mwezi. Kusubiri nakujua, mwanangu."

Kisha akaniuliza nitakwenda wapi nikimaliza shule, kama kuna mtu atakayebaki kuangalia. Anko Deo akajibu kutoka nje, kupitia dirishani, kwamba yeye yupo, na kwamba aliyechimba anajua mahali pa kumwagilia. Nilitamani ungemsikia. Hakusema vile vichaka, wala ile sumu. Alisema mibuni yetu.

Kwa hiyo nimeridhika, Mtani. Sikutegemea kuandika neno hili hata mwaka haujatimia tangu ulipokufa, lakini ndilo lililopo. Bado kuna jioni ninazokaribia uzio nikiwa na jibu zuri nililolipata kwenye basi, halafu nakumbuka. Hapo inauma. Nakaa nayo kidogo, kisha naingia ndani namwambia Baba lile jibu, naye anacheka, ingawa si kama wewe.

Jua linazama sasa na mbu wameanza. Pumzika huko uliko. Mimi nakuahidi hivi: wavu wa sungura nitauweka kila mwaka kabla ya theluji, vishada vya chini nitavikata kwa ajili ya Neema, vya juu sitavigusa. Na siku vitakapoiva, wavunaji watakapotua, nitakuwa jikoni kwa Mama Komba, yeye anaosha na mimi nakausha. Nitamwambia nani amekuja na nani amechelewa, na anayegombana na nani, moja baada ya jingine, mpaka sahani ziishe. Nitakuwa naongea.

Mtani wako,
Vumilia